Pilsna na Maji ya Mlima Meru

Barabara ya kutoka Moshi kwenda Arusha ina madaraja mengi kuliko abiria wanavyoyahesabu. Ukishaiacha njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA na kupita Kikatiti, mito inaanza kufuatana: Maji ya Chai, Usa, Tengeru, Nduruma. Yote inashuka kutoka Mlima Meru wenye mita 4,562, inanywesha migomba na kahawa, kisha inateremkia tambarare za kusini. Safari hii nilikuwa nimefuata bia. Hata hivyo, kabla sijarudi nyumbani nilikuwa nimeulizia habari za maji mara nyingi kuliko za bia yenyewe.

Mwenyeji wangu ni mzee mstaafu anayeishi Usa River. Ujanani alisomea upishi wa bia Ujerumani, akarudi, akafanya kazi viwandani hadi alipostaafu. Sasa anapika nyumbani kwake, kidogo kidogo, na wala hauzi. Hamu yake ni moja tu: kupata pilsna ya Kijerumani iliyonyooka, iliyopikwa chini ya Meru. Alinipigia simu akitaka mtu wa kuionja na kuitolea hukumu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Njoo, lakini usije na maneno ya kunifurahisha. Majirani wameshanisifu wote. Wanakunywa bure, unadhani watasema nini?"

Nilipitiliza kwanza hadi mjini. Jioni nikaingia baa moja si mbali na Soko Kuu, moshi wa nyama choma umejaa hadi barabarani, na swali la kwanza la mhudumu likawa lile lile linaloulizwa Tanzania nzima: "Kaka, nikuletee ya baridi au ya moto?" Ya moto ni ile iliyokaa kwenye kreti bila kuona friji, na wapo wazee wanaoiapia. Kwa mtu anayetaka kuhukumu bia, swali hilo si dogo. Baridi kali huutia ulimi ganzi na kufunika kasoro. Bia ya moto hutoa kila kitu nje, kizuri na kibaya, na gesi yake hukimbia haraka. Pilsna huonjwa kati ya hizo mbili, nyuzi 6 hadi 8 hivi. Nikaomba chupa iliyotolewa kwenye friji mapema kidogo. Mhudumu akanitazama kwa mashaka, akaenda kuitafuta.

Kwenye rafu za baa hiyo kulikuwa na Kilimanjaro yenye kilevi cha asilimia 4.5, Serengeti ya 4.8 na Safari ya 5.5. Majina ni ya nyumbani, lakini ukoo wao wote unarudi mji mmoja wa Ulaya: Plzeň, katika nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Cheki. Wenyeji wa Plzeň walikuwa wamechoshwa na bia mbovu, wakamwajiri mpikaji kutoka Bavaria, Josef Groll. Tarehe 5 Oktoba 1842 alipika bia ya kwanza ya aina mpya: kimea cheupe kisichounguzwa, hopsi za Žatec, hamira inayofanya kazi kwenye baridi, na maji ya mji huo, ambayo ni laini mno, karibu hayana chumvi yoyote. Ikatoka bia ya rangi ya dhahabu, inayong'aa, wakati bia nyingi za enzi hizo zilikuwa za kahawia. Wajerumani waliiga, lakini wakaikausha zaidi: utamu ukapungua, uchungu wa hopsi ukasogea mbele, na mwisho wa funda ukawa mkavu na mkali. Hiyo ndiyo pilsna ya Kijerumani, na ndiyo aliyokuwa akiitafuta yule mzee.

Asubuhi nilipita kwenye Boma la zamani, ngome waliyoijenga Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 kwa nguvu za Waarusha na Wameru waliolazimishwa kubeba mawe. Tangu 1987 ni Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Nilikuwa najiuliza kwa nini Namibia, iliyotawaliwa na Wajerumani hao hao, hadi leo inajulikana kwa bia za Kijerumani, na sisi hapana. Jibu liko kwenye tarehe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walowezi wengi wa Kijerumani walibaki kule, na kampuni ya Namibia Breweries ilianzishwa 1920. Huku Tanganyika mali zao zilitaifishwa na wenyewe wakaondolewa. Bia ya viwandani ikaja upya chini ya Mwingereza: Kenya Breweries walianza Nairobi 1922, Tanganyika Breweries Dar es Salaam 1933. Kampuni hiyo ya Dar ndiyo iliyozaa TBL ya leo, yenye kiwanda hapa hapa Arusha. Mjerumani alituachia boma, reli na mashamba ya mkonge. Pilsna yake aliondoka nayo.

Kabla ya kwenda kwa mzee nilishuka Maji ya Chai kwa makusudi. Mto wenyewe una rangi ya jina lake. Kijana wa bodaboda aliyenichukua alikuwa mcheshi, na kila alipocheka nikaona meno yenye mabaka ya kahawia, yale ambayo Watanzania wa mikoa mingine huyatumia kumtambua mtu wa Arumeru kabla hajataja kwao. Nilipomuuliza kuhusu maji hakuona haya. "Haya ya mtoni tumekunywa tangu watoto, bro. Sasa hivi mwanangu namnunulia ya dumu."

Tatizo ni floraidi. Meru ni volkano; miamba na majivu yake yana madini hayo kwa wingi, na maji yanayopita humo huyayeyusha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliishi muda mrefu na kikomo cha miligramu 4, kisha ikakishusha kufikia kile cha dunia. Vyanzo kadhaa vya upande huu wa mlima, hasa Maji ya Chai na Ngarenanyuki, hupita viwango vyote viwili. Ikizidi kidogo huharibu rangi ya meno ya watoto. Ikizidi sana, kwa miaka mingi, hupinda mifupa ya miguu na kuukakamaza mgongo. Na kuchemsha hakusaidii: mvuke unaondoka, floraidi inabaki, maji yaliyosalia yanazidi kuwa makali.

Watu wa huku hawakukaa wakitazama. Karibu na hapo, Ngurdoto, Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti cha kuondoa floraidi, na dawa yao kubwa ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, husagwa chengachenga, kisha maji hupitishwa humo na floraidi hunasa. Mbele kidogo barabarani, kwenye Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Dkt. Askwar Hilonga alibuni chujio lililoshinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, mwaka 2015. Kwa hiyo elimu ya maji ipo kandokando ya barabara ile ile. Nikapanda daladala kwenda Usa River nikiwa na swali moja la kumuuliza mwenyeji wangu.

Sikuwahi kuliuliza. Mzee alinipokea getini, na kabla ya chai akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha mashine yake ya kuchuja maji kwa utando, ya aina ile wanayotumia wauza maji ya chupa. "Anza hapa," akasema. "Anayekuonyesha sufuria kwanza anakuficha kitu."

Maji ya mtaani kwake, akaeleza, yana maadui wawili. Wa kwanza ni floraidi. Wa pili ni magadi: maji ya Meru yana bikaboneti nyingi ya sodiamu, na hii ndiyo inayomwua mpikaji wa pilsna. Magadi hupandisha ualkali wa kimea kinaporowekwa, rangi ya bia inazidi kuiva, na uchungu wa hopsi unakuwa wa kukwaruza koo. Bia nyeusi inaweza kuyavumilia, kwa kuwa kimea kilichokaangwa kina asidi ya kuyapoza. Pilsna haina pa kuyaficha. Mashine inaondoa karibu kila kitu, yanabaki maji matupu yanayokaribia yale ya Plzeň, halafu mzee anarudishia gramu chache za chumvi za kalsiamu, anazipima kwenye mzani wa sonara. Tulikuwa bado hatujaona hata punje ya shayiri.

Siku hiyo alikuwa na mpiko jikoni, sufuria la bati zito juu ya jiko la gesi. Alitumbukiza kipima joto kwenye supu ya kimea iliyokuwa ikitokota: nyuzi 96. Usa River iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kabla ya kufika 100. Nyuzi hizo nne zina gharama. Uchungu wa hopsi hutoka polepole zaidi, basi huongezwa hopsi. Kimea cheupe nacho hutoa mvuke wenye harufu ya mahindi ya kuchemsha, ambao lazima ufukuzwe kwa kuchemsha bila mfuniko. Kwa joto la chini huondoka kwa shida, basi huchemshwa kwa saa moja na nusu badala ya saa moja. Nilisimama upande wa upepo nikanusa: mwanzo mahindi matupu, kisha mkate, na alipomimina punje za kijani za hopsi za Hallertau, harufu ya majani mabichi na maua ikajaa uani hadi kuku wakahama.

Hopsi hizo hutoka nje. Mmea wake unahitaji mchana mrefu wa kiangazi cha nchi za mbali na ikweta, na sisi mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Kimea nacho alikiagiza, jambo linalomkera. "Shayiri tumelima Monduli, tumelima Karatu, tumelima West Kilimanjaro," alisema. "Lakini mtu mdogo akitaka gunia moja la kimea, hana pa kugonga. Biashara hii inaongea kwa tani."

Baada ya hapo ni friji na subira. Hamira ya pilsna hufanya kazi chini, kwenye nyuzi 10 hivi, taratibu. Kisha bia hulazwa wiki kadhaa karibu na nyuzi 0 ili itulie na kujisafisha. Julai Arusha ina usiku wa baridi unaomsaidia. Umeme ukikatika, mzee hulifunika friji kwa mablanketi mawili na kukataza mtu yeyote kulifungua. Mkewe alisema mablanketi hayo hapo awali yalikuwa ya wageni.

Bia ya kuonjwa ilikuwa ya mpiko wa awali, na waonjaji tulikuwa watatu. Mimi, mama mwenye grosari ya jirani, aliyehudumia wanywaji kwa miaka na anayeijua bia iliyochoka kwa kuitazama, na kijana anayeongoza watalii, mmoja wa vijana wengi wa Arusha wanaozungumza Kijerumani, aliyewahi kualikwa na wateja wake Hamburg na kuionja pilsna kwao. Mzee alikatazwa kusema neno. Chupa zilifungwa kwa magazeti na kupewa namba: moja ya mzee, moja pilsna ya Kijerumani iliyonunuliwa dukani, na moja bia ya kawaida ya Tanzania. Kati yetu watatu hakuna aliyejua ipi ni ipi. Glasi zilioshwa na kusuuzwa mara kadhaa, maana sabuni na mafuta ya chipsi huua povu.

Tulitumia karatasi ya alama ya BJCP, chama cha Marekani cha waamuzi wa bia ambacho miongozo yake hutumika duniani kote. Jumla ni 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito mdomoni 5, na hukumu ya jumla 10. Kwa pilsna ya Kijerumani wanataka rangi ya majani makavu hadi dhahabu, povu jeupe la kudumu, kilevi kati ya asilimia 4.4 na 5.2, na mwisho mkavu wenye uchungu.

Namba 1 ilikuwa safi, nyepesi, inayopita. Mama alimaliza glasi bila kuandika sana. "Hii ni ya kiu," akasema, akaisukuma pembeni. Haikuwa na kosa lolote. Hopsi zake zilikuwa za kutafuta.

Namba 2 ilikuwa na rangi nzuri na povu la wastani. Nilipoinusa nikapata kitu cha karatasi, katoni iliyolowa. Uchungu ulikuwepo, lakini umepauka. Kijana alikunja uso. "Hii naijua, lakini kule haikuwa hivi."

Namba 3 ilimiminwa ikapandisha povu kubwa, kama bia zinavyofanya kwenye miinuko, tukasubiri lishuke. Ilikuwa na ukungu mdogo sana ukiiweka mbele ya dirisha. Harufu: mkate mweupe, asali kwa mbali, majani mabichi. Funda la kwanza lilianza na kimea, uchungu ukaja katikati, ukapanda, halafu mdomo ukakauka na kutaka tena. Nyuma kabisa, bia ilipopata joto la mkono, palikuwa na tone la siagi. Waamuzi hulijua: hamira inapoondolewa kazini mapema, huacha harufu hiyo ambayo ingeimaliza yenyewe ikipewa siku mbili tatu zaidi za joto kabla ya kulazwa.

"Mama, unaionaje?" nikamuuliza.

"Inauma, halafu inaondoka. Siyo ile inayouma ikakaa. Ningekuwa na kitimoto hapa ungeniona."

Magazeti yalipofunguliwa, namba 1 ilikuwa bia yetu ya kila siku, namba 2 ilikuwa Mjerumani mwenyewe, na namba 3 ilikuwa ya mzee. Kijana alikataa kuamini hadi aliposoma tarehe kwenye chupa ya namba 2: ilibaki kidogo tu muda wake uishe. Ilikuwa imekaa baharini, bandarini, ghala, kisha kwenye rafu ya duka yenye jua la mchana. Pilsna huanza kuzeeka tangu siku ya kufungwa, na joto huharakisha. Bia hiyo ilipikwa vizuri na watu wanaojua kazi. Safari ndiyo iliyoimaliza. Ndipo nikaelewa kwa nini mzee anasumbuka na mablanketi. Anayetaka kuijua pilsna ya Kijerumani akiwa Arusha, njia ya uhakika ni kuipika Arusha.

Alama zangu kwa namba 3: harufu 8, mwonekano 2, ladha 14, uzito mdomoni 4, hukumu ya jumla 7. Hiyo ni 35 kati ya 50, ambayo kwa kipimo cha BJCP ni bia nzuri sana. Mama alitoa zaidi, kijana akatoa pungufu kidogo kwa sababu ya ile siagi. Mzee aliruhusiwa kusema, akasema, "Siagi nimeisikia hata mimi. Hesabu zenu ni za haki."

Halafu akaichukua karatasi yangu na kuipitia juu hadi chini. "Maji mmeyaweka wapi?" akauliza. Hayakuwemo. Magadi ulimi unaweza kuyahisi, kwa ule uchungu wa kukwaruza. Floraidi hauisikii. Mtu anaweza kupika bia ya alama 40 kwa maji ya Maji ya Chai, ikashinda mezani, na ikaendelea kuwapa wanywaji kile kilichoyaharibu meno ya yule kijana wa bodaboda. Waamuzi wa Marekani na Ulaya hawana sababu ya kuweka kisanduku cha jambo hilo. Sisi wa huku tunayo.

Biashara ya bia za wapikaji wadogo imeshaota mizizi Nairobi, na Arusha yenye watalii, vijana na usiku wa baridi haitakaa nyuma. Kwa anayepanga kufungua kiwanda kidogo chini ya Meru, ombi langu ni hili: kabla hujanunua sufuria, peleka maji yako maabara, yasafishe, na matokeo yaandike kwenye chupa karibu na tarehe ya kufungwa. Nawe mnywaji, ukikaribishwa pilsna ya hapa, soma tarehe, iache ipungue baridi kidogo, na muulize mpikaji maji ameyatoa wapi. Akisita kukujibu, agiza soda.